Jina la Nane

14 Oktoba 1991

Kitabu hiki si changu. Ni rejista ya treni ambayo baba aliniachia kabla hajasafiri, yenye safu ya saa ya kufika, safu ya saa ya kuondoka, na safu pana ya maelezo. Treni siku hizi hazifiki wala haziondoki, kwa hiyo maelezo nitaandika mimi.

Naitwa Chomba Lydie, miaka kumi na sita. Tunakaa mtaa wa Makomeno, katika nyumba ya kampuni ya reli. Humu ndani kuna Nkambo Chomba, mama mzazi wa mama yangu, ambaye mimi nimepewa jina lake, kuna mama mdogo Émerance na watoto wake wawili, Dorcelle wa miaka minne na mtoto mchanga, halafu mimi. Mama yuko Lukafu analima tangu mishahara ilipokatika. Baba, Alexis, yuko Kabalo na treni yake iliyokwama, miezi miwili sasa.

Shule haijafunguliwa. Walimu wanasema hawafundishi na njaa. Joto kali.

17 Oktoba

Leo Nkambo ameniita. Haniiti Lydie. Ananiita "majina", kwa sababu tuko jina moja, na akinikasirikia anajigombeza mwenyewe.

"Majina, kuya nikufundishe. Kichwa yangu iko inaanza kuisha."

Nilijua ni nini. Katika ukoo wa mama, mtu akifa, wa jina lake anakalishwa kwenye mkeka, anapewa maji, anapyana, yaani anarithi jina na nafasi ya marehemu. Lakini jina la Chomba lina mzigo wake. Mrithi husimama mbele ya ukoo na kutaja wanawake wanane wa tanuru, kila mmoja na sifa zake zote, bila kusaidiwa. Akishindwa, jina linazikwa na maiti, na hakuna mtoto atakayepewa tena. Nkambo aliyataja majina hayo kijijini Kasomeno akiwa na miaka kumi na miwili. Hakuna tena aliye hai aliyeyasikia siku ile.

Sifa zenyewe ni ndefu, za Kibemba cha zamani ambacho hata Nkambo hakielewi chote. Mimi Kibemba changu ni cha kuombea chumvi. Nikasema nitaandika.

"Kuandika? Miye sikuandika hata moja."

"Hukujua kuandika, Nkambo."

Akacheka mpaka ugoro ukamwagika.

19 Oktoba

Nimeanza. Nimechukua daftari jipya, la kijani, kila mwanamke karatasi yake moja: mbele hadithi kwa Kiswahili, nyuma sifa zake kama zilivyo.

Hadithi ni hii. Zamani, kabla ya reli, kabla ya mzungu, watu wetu waliyeyusha shaba katika matanuru ya udongo wa kichuguu. Moto ukiwashwa, mwanamke hakuruhusiwa hata kusogea. Ilisemwa shaba ingekataa kutiririka. Mwaka mmoja wanaume walikwenda mbali kubadilisha misalaba ya shaba kwa chumvi, na wavamizi wakafika ng'ambo ya mto, wakitaka kuchukua shaba na watoto. Wanawake wanane wakaingia palipokatazwa. Wakawasha moto wenyewe. Na shaba ikatiririka! Wakafua mikuki, wakaenda mtoni.

Wa kwanza ni Mwaba, aliyevunja mwiko kabla ya wenzake. Nimeandika mpaka vidole vimeniuma. Ningekuwa zamani, ningekuwa Mwaba.

Nilimuuliza Nkambo jina letu, Chomba, limetoka wapi. Akasema, "Utafika."

24 Oktoba

Sasa mji umetulia kidogo, naweza kuandika.

Juzi wanajeshi wasiolipwa walianza kuvunja maduka mjini. Tulisikia risasi tangu asubuhi. Saa sita watu wa kawaida nao wakaingia: nimewaona jirani zetu, watu wa kwaya, wakisukuma friji, vitanda, milango, hata viti vya daktari wa meno. Mwanamke mmoja alikuwa amebeba simu tatu kwenye beseni, na kwake hakuna waya.

Alasiri wakafika Makomeno. Jirani yetu Alphonse, fundi wa injini, alisimama mlangoni kwake na mtaimbo. Nkambo akaniambia, "Majina, kamata mwichi." Nikaushika mchi. Sikuogopa. Naapa sikuogopa, nilikuwa nimeusubiri mchi ule maisha yangu yote.

Kumbe mama mdogo Émerance amefungua mlango wetu wazi! Akaanza kutoa vitu mwenyewe: redio, cherehani ya mama, baiskeli ya baba, masufuria, mpaka godoro. Akavipanga barazani vizuri, vikubwa nyuma, vidogo mbele. Akarudi, akaninyang'anya mchi, akatukalisha chini sote, watoto chini ya tumbo lake. Wanajeshi wakabeba. Mmoja alichungulia ndani, akatuona, akaenda zake.

Kwa Alphonse waliingia vilevile. Tumemzika jana.

Watu wanasema Émerance ana akili. Mimi nimemwambia usoni kwamba ni mwoga, kwamba amewaandalia wezi meza. Hakufoka. Alisema tu:

"Machine ya kushona tutapata ingine. Weye, tutakupata wapi?"

Mtu anayesema hivyo hajui aibu ni nini.

3 Novemba

Mvua ya kwanza. Paa linavuja pale godoro lilipokuwa. Angalau godoro halipo.

9 Novemba

Tumefika kwa Ngosa, wa tano. Ngosa alibaki peke yake kwenye kivuko wenzake wakivuta pumzi, akakizuia mpaka jua likashuka. Rafiki yangu Graciella amesoma karatasi ile akalia, naye si mtu wa kulia. Kwenye maziko ya Alphonse aliuliza kama kuna chakula.

Mama mdogo ameanza kuuza karanga. Anazikaanga kwa mchanga, anatembea na beseni mpaka gare, ambako watu wanalala wiki nzima wakisubiri treni. Jioni anarudi na miguu imevimba. Kusoma hajui, hata jina lake. Namwona amekaa anachagua mbovu na nzima, mbovu na nzima, nafikiri: huyu angekuwepo mtoni ingekuwaje?

16 Novemba

Mvua tangu alfajiri, kubwa, Émerance hakuweza kutoka. Alikaa mlangoni mwa chumba cha Nkambo akibambua karanga.

Tulikuwa tumemaliza wa saba, Bwalya. Wote saba walikufa mtoni, lakini wavamizi nao hawakubaki wa kuvuka. Nilikuwa nimesisimka. Nikasema, "Sasa wa nane, Nkambo. Alikufa namna gani?"

"Wa nane hakufika ku mutoni. Balimupatia batoto bote ba kijiji, akakimbia nabo mu pori siku ine."

"Alikimbia?"

"Alikimbia."

Nikaweka kalamu chini. "Basi huyo simwandiki. Wapiganaji ni saba."

"Sikia kwanza jina yake."

"Siku ingine, Nkambo. Jina ni neno moja, nitaliomba wakati wowote."

Akageukia ukuta. Mimi nikachora mikuki saba kwenye jalada la ndani, nikatoka kwenda kwa Graciella, mvua ikininyeshea. Émerance alisogeza miguu nipite.

23 Novemba

Mvua. Hakuna jipya.

24 Novemba

Mvua. Bukari, yaani ugali, bila kitoweo.

2 Desemba

Mkuu wa shule ametuita langoni, akasema mwaka huu hakuna masomo, turudi nyumbani. Alikuwa amevaa tai, na viatu vyake havina kamba.

Nimefika nyumbani na hasira. Nimekusanya madaftari yangu yote, hesabu, historia, kemia, nimeyatupa kwenye katoni karibu na makaa. Émerance alikuwa anatafuta karatasi ya kukunjia karanga.

Nikasema, "Chukua! Shule imekufa."

"Yote?"

"Yote!"

Alisita, akayapapasa kama mtu anayeshika nguo ya mwenzake. Akayachukua.

12 Desemba

Nkambo ameanguka asubuhi akienda msalani. Mdomo umepinda, mkono wa kuume umekufa. Tulimpeleka hospitali kwa mkokoteni wa pusupusu, mvua inatupiga. Hawana dawa, hawana hata shuka. Tumemrudisha. Anajaribu kusema na sauti inatoka kama ya mtu aliye ndani ya maji. Ananitazama mimi tu.

14 Desemba

Nimetafuta daftari la kijani ili nijifunze. Nimetafuta chini ya kitanda, nyuma ya mlango, kwa Graciella. Halafu nikakumbuka katoni.

Nilimkuta Émerance jikoni. Majalada yalikuwa kwenye moto. Karatasi zilikuwa zimekwisha kukunjwa, zimekwisha kujazwa, zimekwisha kuuzwa, karanga zimekwisha kuliwa na watu nisiowajua. Nilipiga kelele mpaka mtoto mchanga akaamka. Nilimwita mjinga. Nilimwambia kwamba mtu mwenye macho mawili angeona tofauti ya kemia na mababu zetu.

"Ulisema yote," alijibu, polepole.

Ndiyo. Nilisema yote. Ni mimi niliyelitupa mle pamoja na mengine.

Nimekaa chini nijipime. Majina saba nayakumbuka. Sifa zake sizikumbuki. Nimeshika mstari mmoja wa Mwaba na nusu ya Ngosa. Niliandika ili nisihangaike kukumbuka. Na la nane sina hata jina.

15 Desemba

Karatasi mbili zimepatikana chini ya beseni, zimekunjwa, bado hazijatiwa karanga: Musonda na Mutale. Nimezilaza chini ya jiwe.

Émerance akaja akasimama. "Zingine ziko ngapi?"

"Tano."

"Tutaenda kuzitafuta."

"Utazitafutaje na hujui kusoma?"

"Karatasi sizijue. Bantu njo ninabajua."

18 Desemba

Alisema kweli. Anajua nani alinunua, siku gani, alikuwa amevaa nini. Gare nzima imejaa mikeka, watu wamepika pale, wamezaa pale. Émerance akaenda moja kwa moja kwa mwanamke mmoja chini ya saa iliyosimama. Kalaba, wa pili, alikuwepo, amefungiwa ndani ya kitenge pamoja na cheti cha ubatizo. Mwanamke hakujua sifa zinasema nini, lakini hadithi ilisomwa na mumewe kwa sauti na watu wa mikeka ya jirani wakataka kusikia.

"Na ile wa mbele yake? Na ile wa nyuma?" ametuuliza. "Tuko tunangoja."

24 Desemba

Kwa Onésime, mfanyabiashara wa Butembo mwenye depo ya unga karibu na soko. Depo imeporwa mpaka mbao za rafu. Anakaa mlangoni kwenye kiti kila siku, amevaa vizuri, kama mtu aliye kazini. Ngosa alikuwa ndani ya Biblia yake.

Akasema, "Dada, huyu mama alisimama peke yake ku kivuko. Niliposoma, nikasema na miye nitakaa ku mulango yangu."

Hakutaka kuitoa. Niliinakili pale pale, Émerance ameshika mwavuli juu yangu, maji yakimwingia yeye shingoni.

Krismasi

Bukari na sombe ya majani ya muhogo. Nkambo amekula vijiko vitatu. Émerance anamlisha akimwimbia kwaya kwa sauti mbaya sana.

6 Januari 1992

Kasuba. Karatasi ya wa sita, kwa muuza samaki. Ina mafuta, inasomeka ukiiinua kwenye jua, na jua lenyewe tumelisubiri siku tatu.

11 Januari

Bwalya amebandikwa kwa gundi ya unga kwenye ukuta wa kibanda cha kusukia nywele, upande wa hadithi nje. Sifa ziko nyuma, ukutani. Mwenye kibanda alichemsha maji, tukambandua Bwalya na mvuke, wanawake wawili wenye nywele nusu wakiangalia. Mistari miwili imepotea. Nkambo nilipomsomea, alinipigapiga mkono pale penye pengo, nikajaribu maneno, moja baada ya jingine, mpaka alipofumba macho kukubali. Ilituchukua alasiri nzima. Nimempenda sana leo, na nimeogopa sana.

20 Januari

Bado Mwaba. Émerance alikuwa ameniambia zamani aliyeinunua: mke wa mwanajeshi, wa kambini. Nilikataa kwenda. Ndiyo, mimi, wa mchi.

Leo amekuja mwenyewe. Nilimwona dirishani, nikajificha chumbani kwa Nkambo. Émerance alifungua mlango, kama siku ile. Nikasikia mwanamke anasema amesikia sokoni kuna wanaotafuta karatasi. Halafu:

"Na ile machine ya kushona... iko kwangu. Sikujua ni ya nani. Mulume wangu aliileta."

"Iko inashona?" Émerance aliuliza.

"Iko."

"Basi shonea batoto."

Mgeni alipoondoka nilitoka, nikamkuta Émerance ameishika karatasi ya Mwaba kwa mikono miwili. Nilitaka kumgombeza kwa ajili ya cherehani ya mama yangu. Nikatazama uso wake, nikaipokea karatasi. Huyu si mwoga. Sijui ni nini, lakini neno langu lile halimtoshi.

26 Januari

Saba ziko kichwani. Nazisema nikichota maji, nikitwanga. Nkambo anasikiliza. Nikimaliza saba, macho yake yanabaki kwangu, yanangoja. Mimi nainuka nakwenda kuosha vyombo.

Nimemtajia majina mengi ninayoyajua. Mulenga? Kabwe? Chilufya? Sura yake ilichoka. Nilipofika la ishirini alikuwa amelala.

Sijamwambia mtu kwamba la nane sina. Wote wanajua nina daftari langu tena.

3 Februari

Nkambo amekufa asubuhi, mvua nyepesi, Émerance ameshika miguu yake na mimi kichwa.

7 Februari

Matanga. Mama amefika jana kutoka Lukafu juu ya lori la mihogo, amekonda, mikono kama ya mwanamume. Kutoka Kasomeno amekuja Simone, mdogo wake Nkambo, ambaye hakuwa amezaliwa majina yalipotajwa mara ya mwisho. Yeye atahesabu kwa karanga nane kwenye sahani. Anajua idadi tu. Jina la nane hajui, wala hakuna alijuaye.

Kwa hiyo naweza kusema lolote. Nimekwisha kulitunga: Inamukuba, mama wa shaba, mrefu, mwenye mikuki miwili. Nimemtungia na sifa, zinapendeza. Kesho nitasimama, nitasema, karanga ya nane itahamishwa, na jina la Chomba halitazikwa. Nani ataumia?

8 Februari

Walinikalisha kwenye mkeka, wakanifunga kitenge cha Nkambo. Ua umejaa. Onésime amekuja na mfuko wa unga, wa kwanza aliouingiza tangu Oktoba. Yule wa gare amekuja. Mke wa mwanajeshi alisimama mbali, karibu na uzio.

Nikasimama. Mwaba. Simone akahamisha karanga. Kalaba. Musonda. Mutale. Ngosa, na Onésime akaitikia kwa kichwa. Kasuba. Bwalya, na mistari yake miwili ya alasiri ile. Sikukosea hata pumzi.

Ikabaki karanga moja. Nikafungua mdomo kusema Inamukuba, nikamwona Émerance. Alikuwa mlangoni mwa jikoni, mikono imejaa unga, anaitazama miguu yake mwenyewe. Alikuwepo siku ile ya mvua. Angeujua uongo wangu, na angenyamaza. Angenifunika nao mpaka kufa, kama alivyowafunika watoto. Nikashindwa.

Nikasema, "La nane sina. Nkambo alitaka kunipa, nikakataa. Alisema huyu alikimbia, nami nikasema mwoga simwandiki."

Watu wakaguna. Mama akafunika uso. Simone akainua sahani aimwage, maana ndivyo inavyofanywa, na nilijua nimemzika Nkambo mara ya pili kwa mikono yangu.

"Ngoja, mama Simone." Ilikuwa sauti ya Émerance. Sijawahi kumsikia akisema mbele ya watu. "Miye sikufundishwa. Nilisikia tu. Ule siku huyu mutoto alitoka, Nkambo alisema jina na sifa yake yote ku ukuta, mara tatu. Nilikuwa ninabambua karanga, nikazani kisha atamupatia."

"Sema," Simone akasema.

Émerance alinigeukia mimi.

"Lydie, bale saba balikufa ku mutoni, bote. Hata moja hakurudia kuzaa. Sasa miye na weye, na mama yako, na Nkambo, tulitoka mu tumbo ya nani?"

Nilikuwa na miezi mitatu ya kujiuliza swali hilo, na sikujiuliza.

Akazisema sifa. Za Kibemba kilekile cha zamani, bila kukosea, sauti yake mbaya ya kwaya ikitetemeka. Kwa Kiswahili ni karibu hivi: aliyebeba wawili mgongoni na wawili kifuani na kuwashika waliobaki kwa kamba moja; aliyesikia dada zake wakilia nyuma na hakugeuka; aliyetafuna mizizi akawapa watoto, mate akayameza yeye. Na mwisho, jina.

"Chomba."

Nililia pale kwenye mkeka machozi ambayo sikuyalia tangu siku ya mchi.

Simone hakuwa amehamisha karanga. Akasema anayepyana ndiye anayetakiwa kutaja, si mwingine. Basi Émerance akaja kupiga magoti mbele yangu na mikono yake ya unga, akasema mstari, nikaurudia, akasema mwingine, nikaurudia. Halafu akanyamaza, nami nikaanza upya peke yangu, toka Mwaba mpaka Chomba, wote wanane. Karanga ya nane ikahamia. Nikapewa maji.

Mama aliniita "mama". Simone akaniita "dada", na ana miaka sitini.

10 Februari

Mvua imepungua. Wageni wameondoka. Asubuhi nimeandika karatasi ya nane, mbele hadithi, nyuma sifa. Nimeisoma mara moja kuhakikisha, nikaiweka mezani, nikazisema zote bila kuitazama.

Mama mdogo alikuwa anajaza beseni. Karatasi zilikuwa zimemwishia. Nikaikunja ile ya nane vizuri, ncha chini, nikampa aipeleke kwa wanaongoja.

Aliitazama. Kusoma hajui, lakini nadhani alijua ni ipi. Akaijaza karanga mpaka juu, akaiweka mbele, akaenda gare.